Mbweha hana kosa

Bamvua kubwa kuliko yote katika Ghuba ya San Francisco huja Desemba na Januari, tena huja mchana, watu wakiona. Kinamasi cha chumvi, ambacho siku nyingine ni uwanda wa kijani na wekundu uliokatwakatwa na vijito, kinazama chote. Mimea inayofika magotini hubaki ncha tu juu ya maji. Humo ndani wanaishi ndege na panya ambao maisha yao yote ni kujificha, na kwa saa mbili tatu hawana pa kujificha. Wanapanda popote palipobaki juu: ukingo wa tuta, kichaka kimoja kando ya njia ya watembea kwa miguu, ubao uliokwama. Yangeyange wakubwa wanalijua hilo, wanangoja wamesimama. Mwewe wanapita chinichini. Na juu ya tuta, lililojengwa kwa mkono wa binadamu, anatembea mbweha mwekundu bila kulowesha mguu.

Nimezaliwa Tudor, Mombasa, penye mikoko na maji ya kujaa na kupwa, na sasa ninaishi mji wa Newark, California, upande wa mashariki wa ghuba hiyo. Kwa miaka mingi nimekuwa mmoja wa watu wanaojitolea katika hifadhi iliyo karibu na kwangu. Tunang'oa magugu, tunapanda miche, tunawatembeza wageni. Kila ninapoeleza kazi inayofanywa pale, yupo mmoja ambaye uso wake hubadilika nikifika kwenye habari ya kuua. Ninaandika kwa ajili ya huyo.

Ndege mwenyewe ni wa ukoo wa kukuziwa. Ukubwa wake ni wa kuku mdogo, mdomo mrefu ulioinama kidogo, kifua cha rangi ya mdalasini, na mkia mfupi anaouinua na kuushusha akitembea. Jina la kisayansi la spishi yake ni Rallus obsoletus, naye ni wa jamii ndogo inayoishi katika ghuba hii; tangu 2014 Wamarekani wanamwita kwa jina la Robert Ridgway, mtaalamu aliyemwandika mara ya kwanza katika karne ya 19. Anaweza kuruka ila hapendi. Akishtuka hukimbia kwa miguu na kupotelea majanini. Kiota chake kipo chini, ndani ya mimea, na mayai yake ni 7 hivi. Utamsikia kabla ya kumwona: sauti kavu ya kukatakata, kama mtu anayepiga makofi kwa haraka, jike na dume wakijibizana machweo. Baada ya watu kumiminika California kutafuta dhahabu, alikuwa nyama ya sokoni San Francisco, akiuawa kwa maelfu, mpaka sheria za mwanzoni mwa karne ya 20 zilipomwokoa na bunduki.

Jirani yake ni panya wa gramu 10 hivi, tumbo la rangi ya kutu, mpanda majani hodari na muogeleaji, anayeweza kunywa maji yenye chumvi. Haishi popote duniani isipokuwa kuzunguka ghuba hii. Makazi yake ni mmea mfupi wenye vishina vinene vilivyojaa maji, jamaa wa mimea ya chumvi inayoota nyuma ya mikoko yetu. Ndege na panya wote wawili waliandikwa mwaka 1970 katika orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Kilichowafikisha hapo kwanza si mbweha. Ni ardhi. Zaidi ya sehemu nane kwa kumi za vinamasi vya ghuba hii vilizungushiwa matuta, vikafukiwa, vikageuzwa viwanja vya ndege, majaa ya taka, nyumba, na mashamba ya chumvi, kazi ileile inayofanywa Gongoni kaskazini ya Malindi ila kwa eneo lisilomalizika kwa macho. Mwaka 1961 wanawake watatu wa Berkeley, Catherine Kerr, Sylvia McLaughlin na Esther Gulick, walianzisha harakati za kuzuia ghuba isifukiwe, na mwaka 1972 Bunge la Marekani likaidhinisha hifadhi ya wanyamapori kusini mwa ghuba. Leo inaitwa Don Edwards, jina la mbunge aliyeipigania. Mwaka 2003 ekari 15,100 za mashamba ya chumvi zilinunuliwa ili zirudishiwe bahari pole pole, na kazi hiyo bado inaendelea.

Lakini kilichobaki ni vipande. Na umbo la kila kipande lina habari yake, ambayo mgeni haioni mpaka aonyeshwe. Kinamasi kisichoguswa hupanda taratibu kuelekea nchi kavu, hivyo bamvua likija ndege hurudi nyuma hatua kwa hatua, akiwa bado ndani ya majani. Kipande cha mjini hakina huko nyuma. Kinaishia ghafla kwenye tuta, na nyuma ya tuta kuna barabara, ghala au ua wa mtu. Tuta hilo ndilo kimbilio pekee la ndege, na ndilo njia ya mbweha. Mmoja analijia kwa sababu maji yamemfukuza, mwingine kwa sababu ni kavu na linampeleka katikati ya kinamasi ambacho zamani asingeweza kukifikia.

Mbweha mwekundu wa nyanda za chini za ghuba si mwenyeji. Aliletwa California kutoka sehemu nyingine za Marekani tangu mwishoni mwa karne ya 19, kwa ajili ya uwindaji na ufugaji wa manyoya. Wengine walitoroka, wengine waliachwa. Walienea kwa miongo, na katika miaka ya 1980 wakafika kwenye vinamasi vya kusini mwa ghuba. Huko hawakumkuta mkubwa wao. Koyote, mbwa mwitu mdogo wa Marekani ambaye humfukuza mbweha na hata kumuua, alikuwa ameshaondolewa na mji. Ndege huyu aliishi na mwewe na yangeyange tangu zama, akajifunza kujificha macho ya juu. Hakuzoea kuishi na mwindaji anayenusa, anayechimba pango lake ndani ya tuta na kurudi kiotani usiku baada ya usiku mpaka yai la mwisho. Katikati ya miaka ya 1980 ndege hawa walikadiriwa kuwa 1,500 hivi. Kufika 1991 walikuwa kati ya 300 na 500, dunia nzima.

Mwaka huohuo hifadhi ikaanza kuwaondoa mbweha. Kazi inafanywa na wataalamu wa kitengo cha wanyamapori cha Wizara ya Kilimo ya Marekani, kwa mitego ya vizimba, mitego ya kubana mguu iliyowekewa raba, na bunduki. Mitego hukaguliwa kila siku. Paka akinaswa hupelekwa kituo cha wanyama. Mbweha akinaswa huuawa.

Mtoto wa kaka yangu, aliyezaliwa hukuhuku, alinikabili jikoni kwangu kuhusu jambo hili.

"Shangazi, mbweha ana kosa gani?"

"Hana kosa, mwanangu."

"Basi mnamuulia nini? Si mumchukue mumpeleke mbali?"

"Mbali wapi? Huko mbali nako kuna viota."

Hakuridhika, na sikutaka aridhike upesi. Mtu anayeona wepesi kumuua mnyama hafai kupewa kazi hii. Mbweha anafanya alichoumbiwa, analisha watoto wake, na hajui kuwa babu yake aliletwa kwa gari moshi. Hata uzuri wake ni wa kweli. Nimemwona alfajiri juu ya tuta, manyoya yamewaka jua, nikasimama. Tena mbweha wekundu wa asili wapo California, juu kabisa katika milima ya Sierra Nevada, nao ni wachache kiasi kwamba mwaka 2021 serikali iliwaandika kwenye orodha ileile ya walio hatarini. Mnyama wa jina moja analindwa mlimani na kutegwa pwani. Kwa hiyo habari hii haina mhalifu. Kuna mahali palipovurugwa na watu, na watu haohao sasa wanapaswa kuchagua nani abaki hapo. Anayesema tuwaache wanyama wamalizane wenyewe naye amechagua. Amechagua ndege atoweke, ila hatalazimika kuona kwa macho yake akitoweka, kwa kuwa kufa kwa ndege huyu hakuna mlio wala damu njiani. Majani yanabaki kijani vilevile. Ni makofi yale ya machweo tu yanayopungua, na masikio ya kuyakosa ni machache.

Mbweha mmoja anaweza kuishi mahali elfu moja kuanzia Alaska hadi Urusi. Panya huyu na ndege huyu hawana mahali pengine. Kwangu hilo linatosha kuamua, ingawa halitoshi kuufanya uamuzi uwe mwepesi.

Wapo waliofikiri tofauti, na wengi wao ni watu wema. Novemba 1998 wapiga kura wa California walipitisha sheria ya kupiga marufuku mitego ya kubana mguu, kwa huruma. Vyama vya wapenda ndege vya Audubon vikaenda mahakamani kusema kuwa sheria hiyo itawamaliza ndege walio hatarini, wakati makundi ya kutetea wanyama yakiitetea. Wapenda wanyama pande zote mbili za chumba! Mwaka 2002 mahakama ya rufani ilisema kuwa sheria ya jimbo haiwezi kuwazuia watumishi wa serikali kuu kutega pale ambapo sheria ya kulinda viumbe walio hatarini inawataka walinde. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1980, kesi ya namna hiyo ilisikilizwa kusini mwa California kuhusu mbweha katika kituo cha silaha cha jeshi la majini huko Seal Beach, ambako ndugu wa ndege huyu alikuwa karibu kwisha.

Lakini mtego peke yake hautoshi. Ukimuondoa mbweha mmoja, mwingine anatoka mjini kuja kujaza nafasi yake, na mji ndio unaomlisha. Hapa ndipo huwa sipati usingizi, maana hapa si kazi ya mtaalamu mwenye bunduki. Ni kazi yetu sisi tunaoishi ng'ambo ya tuta.

Chukua taka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 shakwe wa California waliokuwa wakizaliana kusini mwa ghuba walikuwa wachache mno. Miaka thelathini baadaye walipita 40,000. Majaa makubwa ya taka yapo palepale kando ya maji, na shakwe anayekula mabaki ya mkate na nyama asubuhi anarudi jioni kumeza vifaranga wa ndege wa pwani wanaotaga ardhini. Chukua umeme. Minara ya nyaya imepita katikati ya vinamasi, na kunguru weusi wakubwa wanajenga viota juu yake, mahali pa juu kuliko mti wowote uliowahi kuota pale, wakitazama chini. Panya wa mjini, yule tunayemjua wote, anaishi ndani ya mawe ya tuta, na hula mayai.

Kisha kuna paka. Watu wengi hapa wanawalisha paka wasio na wenyewe kando ya njia za ghuba. Wanaleta chakula jioni katika visahani, kwa upendo. Chakula hicho kinamleta rakuni, kinamleta kicheche wa Marekani, kinamleta mbweha. Na paka aliyeshiba bado anawinda. Mwishoni mwa 2020 ilijulikana kuwa watumishi wa mamlaka moja ya hifadhi walikuwa wamewapiga risasi paka karibu na kinamasi cha Oakland. Waliokuwa wakiwalisha walihuzunika na kukasirika, na mamlaka ikaomba radhi. Naelewa hasira ile. Lakini nilitamani hasira hiyo imfikie pia aliyewatupa paka wale kwenye maegesho ya magari, kwa sababu paka wa kinamasini hakuanzia kinamasini. Alianzia nyumbani kwa mtu.

Kuna sura nyingine iliyonifundisha kwamba swali la mwindaji haliachani na swali la maficho. Katika miaka ya 1970 wahandisi wa jeshi la Marekani walipanda hapa nyasi ya maji ya chumvi kutoka pwani ya Atlantiki. Ilizaana na nyasi ya wenyeji ikatoa mseto mrefu, mnene, uliovamia hata tope wanapotafutia chakula ndege wahamaji. Ilibidi iondolewe. Lakini kukuziwa wetu alikuwa ameipenda, kwa kuwa inamficha hata maji yakijaa. Ilipopuliziwa dawa, hesabu ya ndege ilishuka karibu nusu kati ya 2005 na 2011. Hakuna mbweha mpya aliyeletwa miaka ile. Lililopungua ni pazia. Ndipo kazi ikapunguzwa kasi mahali penye ndege wengi, miche ya asili ikapandwa kwanza, na katika kinamasi cha Arrowhead, Oakland, watafiti wa serikali wakaweka vichanja vinavyoelea, vimeezekwa makuti, ili bamvua likija ndege wapande juu na wafichike machoni pa mwewe. Walipanda. Mtu aliyekulia pwani akiviona vichanja vile hahitaji maelezo.

Na koyote naye? Mwaka 1999 Kevin Crooks na Michael Soulé walichapisha utafiti wao wa mabonde ya vichaka ndani ya mji wa San Diego. Penye koyote, paka na wawindaji wengine wadogo walikuwa wachache zaidi, na ndege wa vichakani walikuwa wa aina nyingi zaidi. Siku hizi koyote wanarudi kuzunguka ghuba yetu, na majirani zangu wanaogopa. Mimi ninawakaribisha. Koyote akilinda tuta bila kulipwa, mitego itapungua, na hilo ndilo ninalolitaka kuliko mtego wowote.

Msomaji wa Dar es Salaam, Unguja au Mombasa anaijua habari hii kwa ndege mwingine. Kunguru wenye shingo ya kijivu waliletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890, wale taka za mji. Taka zikaongezeka, nao wakaongezeka, wakavuka bahari, na leo mayai na makinda ya ndege wadogo wa pwani ni chakula chao. Utotoni kwangu nilidhani kunguru wale ni wenyeji wa Mombasa kama minazi. Huko Watamu na Malindi shirika la A Rocha Kenya limepambana nao kwa sumu iitwayo Starlicide, iliyotengenezwa Marekani, na Januari 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaondoa kunguru milioni moja. Niliposoma tangazo lile nilifurahi, kisha nikawaza majaa: kama lori la taka halipiti mtaani na chakula kinaoza kando ya soko, kunguru milioni wengine wako njiani. Sumu na lori la taka ni kazi moja. Atakayelipia ya kwanza akasahau ya pili atalipia tena.

Wakazi wa kaunti tisa zinazoizunguka ghuba yetu walielewa sehemu ya jambo hili. Juni 2016 walipiga kura kujitoza dola 12 kwa mwaka kwa kila kiwanja, kwa miaka 20, ili zipatikane dola milioni 500 za kufufua vinamasi. Sehemu ya kazi hiyo, ambayo mimi naipenda kuliko zote, ni kuyabadili matuta yenyewe. Badala ya ukuta wa udongo uliosimama wima, unajazwa mteremko mrefu unaopanda polepole kutoka kinamasini, unapandwa majani na vichaka vya asili, na bamvua likija ndege anarudi nyuma akiwa amefunikwa kama zamani. Mteremko huo unaukinga pia mji na bahari inayopanda. Lakini unataka nafasi, na nafasi iliyobaki nyuma ya matuta ndiyo hiyo inayotamaniwa na wajenzi wa nyumba.

Kila unapoletwa mpango wa nyumba mpya pembezoni mwa kinamasi katika mji wetu, ninakwenda kwenye baraza, ninangoja zamu yangu, ninasimama mbele ya kipaza sauti. Ninawaambia kuwa kila nyumba italeta paka, pipa la taka na panya wake, na kwamba pale panapopangwa sebule ndipo ndege angepanda maji yakijaa. Ninawaambia kuwa wakiidhinisha wakapaziba hapo, watakuwa wametia sahihi ya kutega mbweha daima, bila mwisho, na mtu atakayetumwa kuwaua alfajiri anapaswa kujua ni akina nani waliomtuma. Mara nyingine baraza linasikia, mara nyingine halisikii. Mtoto wa kaka yangu alifuatana nami mara ya mwisho. Bado hapendi mitego. Alijiandikisha mezani, akaongea muda wake wote, na alichoomba ni mteremko.